Ukoo wa Mjusi Husomwa kwa Mama

Taa ya barazani inapowaka jioni, iwe ni Makongeni mjini Thika au Kihunguro kule Ruiru, wageni wa kwanza huwa ni wadudu. Mgeni wa pili ni mjusi kafiri. Hushuka ukutani taratibu, mwili wake mweupe-mweupe, macho yake hayapepesi, kisha ghafla anaruka na kumnyakua nondo. Hapo mtoto hupiga mayowe na mama akatafuta ufagio.

Huenda mtoto huyo huyo amewahi kukuuliza: “Huyu mjusi ni ndugu ya nani? Je, ni ndugu ya kinyonga? Ni ndugu ya nyoka?” Wazazi wengi hujibu kwa kumwambia mtoto akamalizie kazi ya shule. Lakini swali hilo ni la maana sana, na limewashughulisha wataalamu kwa zaidi ya miaka mia mbili. Leo ningependa tulijibu pamoja, kwa sababu siku hizi kuna njia ya kumuuliza mjusi mwenyewe.

Zamani, wataalamu walitazama maumbile. Walihesabu magamba, wakapima mikia, wakachunguza meno na vidole, kisha wakaamua nani ni wa ukoo gani. Kazi hiyo ilikuwa ya maana na ingali inafanywa. Hata hivyo, sura hudanganya. Pale sokoni Thika unaweza kukutana na watu wawili wanaofanana kama shilingi kwa ya pili, nao hawana undugu wowote. Vile vile, ndugu wa tumbo moja wanaweza kutofautiana kwa sura hata ukadhani wametoka nchi mbalimbali.

KIWANDA NDANI YA SELI

Mwili wa mjusi, kama wako na wangu, umejengwa kwa seli. Ndani ya kila seli kuna kiini, na humo ndimo kunamohifadhiwa sehemu kubwa ya DNA, yaani maagizo ya kuujenga na kuuendesha mwili. Lakini nje ya kiini kuna viwanda vidogo vidogo vinavyogeuza chakula kuwa nguvu. Viwanda hivyo ndivyo vinavyoitwa mitokondria.

La kushangaza ni kwamba mitokondria ina DNA yake yenyewe, mbali na ile ya kiini. DNA hiyo imejikunja kama bangili, haina mwanzo wala mwisho. Maagizo yake yote kwa pamoja huitwa jenomu ya mitokondria. Kwa mijusi wengi, jenomu hiyo ina herufi 17,000 hivi. Ya binadamu ina herufi 16,569, nayo ilisomwa yote kwa mara ya kwanza mwaka wa 1981 kule Cambridge, Uingereza. Na idadi ya jeni zake? Kwa kawaida ni 37 kwa mjusi, na ni 37 kwa binadamu pia. Kwa hiyo unapomkemea mjusi ukutani, kumbuka kwamba viwanda vyenu vya nguvu vinaendeshwa kwa maagizo ya aina moja.

Mitokondria ina sifa tatu zinazowapendeza wachunguzi. Kwanza, kila seli huwa na nakala nyingi za jenomu hiyo, hivi kwamba hata kipande kidogo cha ncha ya mkia kinatosha kuisoma. Pili, ni fupi. Mjusi wa kwanza kusomwa jenomu yake ya kiini alikuwa Anolis wa kijani kutoka Marekani, mwaka wa 2011, na herufi zake zilizidi bilioni 1.7. Linganisha hizo na herufi 17,000! Tatu, mtoto hurithi mitokondria kutoka kwa mama. Mama humpa mtoto wa kike na wa kiume, lakini wa kiume hapitishi yake kwa watoto wake.

Wenyeji wa Kiambu na Murang’a hawatapata taabu kulielewa jambo hilo. Koo kuu za Wagikuyu zina majina ya mabinti wa Gikuyu na Mumbi: Wanjiru, Wambui, Wanjiku, Wangari na dada zao. Ingawa leo mtoto huhesabiwa katika ukoo wa baba, jina la ukoo lenyewe lingali linamkumbuka mama wa kwanza. Mitokondria nayo ni hivyo, ila yenyewe haijawahi kuhamia kwa baba. Inarudi kwa mama, kwa nyanya, kwa mama wa nyanya, hadi mamilioni ya miaka nyuma.

DAFTARI LILILONAKILIWA

Lakini herufi hizo zinatuambiaje habari za undugu? Hebu tuchukue mfano wa darasani. Mwalimu ameandika maelezo ubaoni, kisha akayafuta. Akinyi aliyanakili yote, lakini alipofika penye neno “mto” akaandika “moto”. Njeri hakuwapo siku hiyo, akanakili kutoka kwa Akinyi. Naye akaongeza kosa lake, “paka” akaiandika “taka”. Mutua akanakili kutoka kwa Njeri.

Mwalimu akikusanya madaftari, hana haja ya kumhoji mtu. Daftari lenye “moto” pekee ni la Akinyi. Lenye “moto” na “taka” ni la Njeri au la mtu aliyenakili kwake. Lisilo na kosa lolote kati ya hayo ni la yule aliyenakili ubaoni. Makosa yenyewe ndiyo yanayoeleza nani alifuata nani.

DNA nayo hunakiliwa kila kizazi, na mara chache herufi moja hubadilika. Badiliko likitokea kwa mama, mabinti wake hulipitisha kwa watoto wao. Wachunguzi husoma herufi za mijusi wengi, wakazipanga safu kwa safu, wakatazama mijusi gani wanashirikiana mabadiliko gani. Kompyuta huwasaidia kuchora mti wa ukoo. Mijusi waliotengana juzi huwa na tofauti chache, na waliotengana zamani za kale huwa na nyingi.

Jenomu nzima ya mitokondria ya mjusi ilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1999, na Wajapani Yoshinori Kumazawa na Mutsumi Nishida. Tangu hapo mijusi wengi wamesomwa, wakiwemo vinyonga na jamaa za yule mjusi wa mawe ambaye dume lake lina kichwa chekundu na mwili wa samawati.

Na hapo tunaweza kulijibu swali moja la mtoto. Mjusi huyo wa kichwa chekundu ndiye aliye karibu zaidi na kinyonga kuliko mjusi kafiri alivyo. Wote wawili wana meno yaliyoungana na ukingo wa taya, na DNA imekubaliana na meno. Jamii nyingi za Kibantu zina hekaya kwamba kinyonga alitumwa kuwapelekea binadamu habari ya uzima, lakini akajikokota njiani hadi mjumbe mwingine akamtangulia na habari ya kifo. Mahali pengine mjumbe huyo ni ndege, na pengine ni mjusi. Kumbe mashindano yale yaweza kuwa yalikuwa ya binamu!

SAFARI YA MJUSI KAFIRI

Sasa turudi kwa mjusi kafiri. Mmoja wa jamii yake anayefahamika sana duniani huitwa kwa jina la kisayansi Hemidactylus mabouia. Ni mjusi wa Afrika, lakini ajabu ni kwamba alipewa jina hilo la kisayansi mwaka wa 1818 na Mfaransa Moreau de Jonnès, kutokana na mijusi wa visiwa vya Karibi, ng’ambo ya Bahari ya Atlantiki. Alifikaje huko?

Wapo waliodhani kwamba alielea juu ya magogo, akavushwa na mikondo ya bahari zamani za kale. Kama ingekuwa hivyo, basi mijusi wa Amerika wangekuwa na tofauti nyingi za DNA na wale wa Afrika, kwa maana wangekuwa wamenakili madaftari yao peke yao kwa muda mrefu mno. Mwaka wa 2006 Salvador Carranza na Nicholas Arnold walichapisha uchunguzi wa mitokondria ya mijusi wa jamii hii kutoka pande nyingi za dunia. Ilionekana kwamba mijusi hao waliotapakaa mbali wanatofautiana kidogo sana. Hawakutengana zamani.

Mwaka wa 2021 Ishan Agarwal na wenzake waliendeleza kazi hiyo, wakitumia DNA ya mitokondria pamoja na ya kiini. Waligundua kwamba kile kilichoitwa spishi moja kina nasaba nyingi, labda 20 hivi. Nyingi zimebaki katika maeneo yao kusini na mashariki mwa Afrika. Ni nasaba moja tu iliyosafiri na kuenea barani na ng’ambo, na wachunguzi hao walihusisha kuvuka kwake na biashara ya watumwa ya Atlantiki.

Msomaji, hebu tulia kidogo ulifikirie jambo hilo. Meli zile zilizowabeba watu wetu wakiwa wamefungwa minyororo zilibeba pia mjusi aliyejificha katika nyufa za mbao. Hakuna nahodha aliyeandika habari zake katika daftari la meli. Lakini mitokondria iliandika, na maandishi hayo yangali yanasomeka katika kuta za nyumba za Brazil na Karibi.

KINYONGA WA KINANGOP

Mfano wa pili uko karibu nasi zaidi. Kila mkazi wa Thika anayajua maporomoko ya mito Chania na Thika karibu na hoteli ya Blue Posts. Maji yale hutoka milima ya Aberdare. Ukiufuata mto Thika kwenda juu, utapita bwawa la Ndakaini ambalo huwanywesha watu wa Nairobi. Na juu kabisa, upande wa kusini wa milima hiyo, kiko kilele cha Kinangop, mita 3,906 juu ya bahari, mahali penye baridi kali, nyasi na vichaka vifupi.

Huko juu kuna vinyonga wadogo. Kwa kuwatazama tu, mtu angeweza kuwafananisha na vinyonga wa Mlima Kenya, wanaoitwa Trioceros schubotzi. Milima hiyo miwili hutazamana, na siku ya anga safi unaweza kuiona yote kutoka Thika. Lakini mwaka wa 2012 Jan Stipala na wenzake, miongoni mwao Patrick Malonza wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, walitangaza kwamba kinyonga wa Kinangop ni spishi ya pekee. Wakampa jina Trioceros kinangopensis.

Walipima vichwa na pua, wakalinganisha madume na majike, kisha wakasoma DNA ya mitokondria. Jibu lilikuwa wazi. Kinyonga wa Kinangop si ndugu wa karibu zaidi wa yule wa Mlima Kenya. Amekuwa na nasaba yake mwenyewe kwa muda mrefu. Kwa kiumbe wa baridi, kilele ni kama kisiwa, na bonde lenye joto lililo chini yake ni kama bahari.

Je, jambo hili lina maana gani kwa mtu wa kawaida? Lina maana kubwa. Tulipodhani kwamba ni spishi moja, moto ukiteketeza vichaka vya Aberdare tungejifariji kwamba wengine wapo Mlima Kenya. Sasa tunajua kwamba faraja hiyo haina msingi. Kinyonga huyo anajulikana katika eneo la kilele cha Kinangop tu, na wataalamu hao walionya kwamba mioto ya mara kwa mara huko juu inaweza kumwangamiza. Akitoweka, hakuna mlima mwingine wa kwenda kumwazima.

SARE MOJA SI UNDUGU

Hata hivyo, nisingependa uondoke ukidhani kwamba mitokondria haikosei. Tukumbuke lile darasa. Wanafunzi wawili walioketi mbalimbali wanaweza kukosea neno moja kwa namna moja, bila kunakiliana. Mwalimu mwenye haraka atasema wameibiana, kumbe sivyo.

Jambo kama hilo liliwapata wachunguzi wa mijusi. Walipochora mti wa ukoo kwa mitokondria peke yake, nyoka na mijusi wa jamii ya yule wa kichwa chekundu walionekana kuvutana, kana kwamba ni ndugu wa karibu sana. Jeni za kiini zilikataa. Zilisema kwamba mijusi hao ni wa upande wa vinyonga na iguana. Mwaka wa 2009 Todd Castoe na wenzake walieleza chanzo cha mvutano huo: mitokondria ya nyoka na ya mijusi hao ilibadilika kwa namna inayofanana, kila upande kivyake. Watoto wawili waliovaa sare moja ya shule si lazima wawe wamezaliwa na mama mmoja.

Na vipi swali la mtoto kuhusu nyoka? Jibu ni kwamba nyoka wamo ndani ya mti mmoja na mijusi. Ni tawi la ukoo wa mijusi lililopoteza miguu. Lakini si watoto wa yule wa kichwa chekundu, hata mitokondria ikijaribu kutuambia hivyo.

Mfano mwingine wa kusahihishana ni asili ya vinyonga. Mwaka wa 2002 Christopher Raxworthy na wenzake walisema kwamba vinyonga walianzia Bukini, kisha wakaelea baharini kuja huku. Mwaka wa 2013 Krystal Tolley, Ted Townsend na Miguel Vences waliongeza spishi nyingi zaidi, wakatumia mitokondria na jeni za kiini, wakafikia kauli ya kinyume: vinyonga walianzia Afrika bara, wakavuka kwenda Bukini mara mbili, miaka milioni 65 hivi na milioni 47 hivi iliyopita.

Kasoro nyingine ya mitokondria tumekwisha kuidokeza. Inaeleza habari za mama pekee. Wakulima wa Ruiru wanajua umuhimu wa pande zote mbili. Kahawa ya Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka wa 1985 na kituo cha utafiti cha pale pale Ruiru, ilipatikana kwa kuchavusha miti ya mama ya Catimor kwa chavua ya miti mingine iliyochaguliwa kwa makini. Mtu akikueleza habari za mama wa mche huo tu, amekuficha nusu ya siri. Ndiyo sababu wachunguzi wa leo huanza na mitokondria, kisha wakakiuliza kiini nacho kina kauli gani.

KWA NINI TUJALI

Pande hizi za Thika na Ruiru zimebadilika mno. Mashamba ya kahawa yamegeuka mitaa, na tangu barabara kuu ya Thika ilipofunguliwa mwaka wa 2012 majengo yamezidi kuota. Sina neno na nyumba, kwa sababu watu lazima walale mahali. Lakini ua wa miti unapong’olewa na ukuta wa mawe kujengwa, kinyonga hupoteza njia na makao. Isitoshe, wapo wanaomuua kwa hofu ya bure. Kinyonga hana sumu. Mjusi kafiri hana sumu pia, na kila usiku hula wadudu ambao wewe hununua dawa ya kuwafukuza.

Mzazi, unaweza kuacha sehemu moja ya ua ibaki na miti. Ukimwona kinyonga barabarani, mpitishe kwa kijiti hadi upande wa pili. Usimweke mtungini wala usimuuze, kwa maana biashara ya vinyonga inadhibitiwa kwa sheria. Ukipanda Aberdare na watoto, zimeni moto wenu mpaka majivu yapoe.

Nawe mwanafunzi, usidhani kwamba kazi hii ni ya watu wa ng’ambo tu. Pale Juja, katikati ya Thika na Ruiru, kuna Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta. Kule Kahawa kuna Chuo Kikuu cha Kenyatta, na jijini Nairobi Makavazi ya Kitaifa yana wataalamu wa wanyama watambaao. Milima ya Kenya bado ina mijusi ambao koo zao hazijasomwa. Anza kwa daftari na kalamu: andika umemwona nani, wapi, lini, na juu ya mti gani. Kuvijua viumbe kwa macho kunatangulia maabara, na huko hakuna karo.

Wahenga walisema mwana hutazama kisogo cha nina. Mjusi hutazama mbali zaidi, hadi kwa nyanya aliyeishi kabla ya milima yetu kuwa na majina. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba wajukuu wake hawakomei mikononi mwetu.

Tukutane Jumapili ijayo.